Mwongozaji wa siku moja Diphu: nyota tatu na nusu

Nasoma Guwahati, na mwezi wa pili tulipanda treni watatu kwenda Diphu, makao makuu ya wilaya ya Karbi Anglong huko Assam, kaskazini-mashariki mwa India, kuona tamasha la vijana wa Kikarbi, kabila la huko, pale Taralangso. Tukakodi mwongozaji wa siku moja kwa rupia 2,000. Jina lake nalihifadhi. Kwenye simu alituahidi "dini ya asili kabisa": kuku wa tambiko na pombe ya mchele.

Akatupeleka kwa familia ya Walokhimon.

Kwa asiyejua, Lokhimon ni ibada iliyoanzishwa na Mkarbi, Lokhon Ingti Hensek. Imani ya mababu haikutupwa, ila imeungana na ibada ya Vishnu ya Wahindu. Vilivyoachwa ni vile vile viwili tulivyoahidiwa: damu na pombe. Mwenzangu alipouliza kuku yuko wapi, mama mwenye nyumba alicheka mpaka akashikilia mlango. Kijana wake ndiye aliyetufafanulia, maana mwongozaji alikuwa uani anaongea na simu.

Na si jambo dogo. Kwa Mkarbi wa jadi, huendi mbele ya miungu mikono mitupu. Kuku na hor, ile pombe ya mchele, ndiyo salamu yenyewe. Ukiviondoa, ibada nzima unaijenga upya.

Chakula sasa. Wali, dengu, na mboga za majani. Nilipoonja mboga tu nikamkumbuka bibi yangu Moshi: ladha ya magadi ile ile! Nikaomba kuona jikoni. Majivu yamejazwa kwenye kikapu cha mianzi kilichochongoka chini, mama anayamwagia maji, yanadondoka tone tone yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Hayo ndiyo anayopikia. Sikuitamani nyama hata kidogo, na mimi nyama naipenda.

Nililalamika kuhusu kuku, mwongozaji akarudisha rupia 500 bila ubishi. Kwa hilo nampa heko. Gari lilikuwa safi, muda alizingatia. Ila kabla hamjalipa, mwulizeni wazi: tunaenda kwa wa jadi au kwa Walokhimon? Na kama ni kwa Walokhimon, msibebe chupa. Sisi tulibeba moja ya kumpa mzee wa tambiko, ikashinda kutwa nzima ndani ya begi chini ya sweta langu.