Taa ya kukuzia mimea na unga wa mizizi: uzoefu wangu na nyanya za ndani, Mabatini Mwanza

Nakaa Mabatini, kule juu kwenye mawe, chumba na sebule, uwanja hakuna kabisa, ukifungua mlango wa nyuma unakutana na jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mwaka jana nilipanda miche minne ya nyanya aina ya Anna F1 kwenye ndoo pale kabarazani, mitatu ikamalizwa na kanitangaze, yule mdudu anayekula majani ya nyanya kwa ndani, majani yakawa kama yamebabuliwa na moto, ukabaki mmoja tu na aisee ule mche ulizaa hadi majirani wakawa wanakuja na bakuli. Sasa shida ni kwamba ile ni chotara, ukitunza mbegu zake ukaja kupanda zinatoka za kila aina, hazifanani na mama yao. Nikasema huu siuachi upotee, nakata vipandikizi naviotesha ndani.

Nikanunua vitu viwili mjini, taa ya LED ya wati 45 yenye mwanga mweupe kwa elfu 65, na kichupa cha unga wa homoni ya mizizi, ile IBA ya kusaidia vipandikizi vitoe mizizi, elfu 12.

Nianze na unga maana hauna maneno mengi. Nilikata machipukizi 12 yale yanayotoka kwenye kwapa la jani, marefu kama kidole cha kati na kidogo zaidi, nikatoa majani ya chini, sita nikachovya kwenye unga nikachomeka kwenye pumba za mpunga zilizochomwa, sita nyingine nikachomeka kwenye pumba zile zile bila kitu. Siku ya tisa nikavuta yote, mizizi ipo kote kote, myeupe, mingine imefika urefu wa punje ya mchele mingine imezidi, yaani ungenichanganyia nisingejua upi ni upi. Nyanya kwa asili yake shina lake linatoa mizizi lenyewe, hata ukiliweka kwenye glasi ya maji dirishani linatoa. Kwahiyo kwa nyanya hiyo elfu 12 usiitoe, kweli kabisa nawaambia.

Taa sasa. Hii naipenda na nitaitetea. Wiki ya kwanza nilikosea, niliifunga juu sana karibu na dari, miche ikarefuka ikawa myembamba kama nyasi inatafuta mwanga, nikaishusha mpaka ikabaki nafasi ya rula moja, sentimita 30, na toka hapo mashina yakanenepa na majani yakakaa karibu karibu. Naiwasha masaa 14 kwa siku kwa taima ya kuchomeka ukutani, ukipiga hesabu ni kama uniti 19 za LUKU kwa mwezi, inaumaa kidogo lakini kwa mtu mwenye dirisha linalotazama jiwe hakuna njia nyingine.

Halafu kuna jambo mtu wa ziwani lazima alijue kabla hajanunua. Wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi, wanapenda mwanga vibaya mno. Siku moja niliacha dirisha wazi taa inawaka mpaka saa 4 usiku, asubuhi nikakuta majani hayaonekani, meusi tii kwa wadudu, nikakaa nayafuta moja moja kwa kitambaa chenye maji karibu nilie. Sasa taima inawasha saa 11 alfajiri inazima saa 1 usiku, na dirisha lina neti.

Mwezi wa pili umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, draiva ya taa, kile kifaa kinachoipimia umeme, ikaungua. Kule nilikonunua wakaniambia haina garantii, basi. Fundi wa mtaani akabadilisha kwa elfu 15 akaniambia "dada, hii usiichomeke bila gadi", nikanunua gadi, kile kifaa cha kukinga umeme unaporudi kwa nguvu, na hadi leo taa haijasumbua.

Kuulea mche ndani nilitumia kamba ya katani kutoka kwenye msumari wa dari, shina moja tu linapanda, kila chipukizi la kwapani natoa likiwa bado dogo na yale mazuri ndiyo yanakuwa miche mipya. Ndani hakuna nyuki wala upepo, kwahiyo maua yakifunguka kwenye saa 5 asubuhi nagonga kamba kwa kidole, unaona kabisa kavumbi ka njano kanadondoka kwenye mwanga. Siku ya kwanza nilipoona kile kitunda kidogo cha kijani kama punje ya pilipili manga nilimwita mama mwenye nyumba aje aone.

Ila niseme ukweli, mche niliouacha ndani hadi mwisho ulinipa nyanya 23 ndogo ndogo, na ndugu yake niliyemtoa barazani akiwa na wiki tano alijaza ndoo ya lita 10 na bado akaendelea. Wati 45 zinatosha kuotesha na kutunza mche mama, yaani ule wa kukatia vipandikizi, kuzalisha hazitoshi. Nunua kwa kazi hiyo utafurahi. Na mche mama uchague mzima kabisa, maana kipandikizi kinabeba na ugonjwa wake wote.

Sasa hivi niko kizazi cha tatu, mayu mwenye nyumba ana miche yake miwili. Unga uliobaki nimeujaribu kwenye vijiti vya waridi lake, waridi ni gumu kutoa mizizi, ni wiki ya pili na bado sijavuta kuangalia.