Mvinyo wa zabibu za shamba lako Dodoma: hamira ya asili au ya pakiti (ile ya mvinyo)?
Kwa gharama ya asili inashinda, maana inakuja yenyewe na zabibu toka shambani, hununui kitu. Ila kwa uhakika hapana aisee, joto la Dodoma si mchezo, juisi ikichelewa kuchacha bakteria wanawahi na pipa zima linageuka siki, wakati ya pakiti inaamka ndani ya siku moja mbili na inamaliza sukari vizuri. Ladha sasa, hapo mi niko na asili, Makutupora nyekundu, aina ya zabibu za Dodoma, inabaki na ladha ya shamba lenyewe. Kuzamisha maganda yanayoelea ni lazima kote. Una pipa dogo na muda wa kunusa kila asubuhi, nenda asili. Una oda za watu, chukua pakiti na salfaiti kidogo, dawa ya kuzuia bakteria.