Simfoni ya Tano ya Shostakovich, CD ya mtumba: uzoefu wangu

Niliipata Mwanjelwa, Mbeya, kwenye rundo la spea za redio, shilingi elfu nne. Ni Leonard Bernstein akiongoza okestra ya New York Philharmonic, rekodi ya 1959. Ganda limepasuka na diski inarukaruka kwenye sehemu ya pili. Muuzaji aliapa ni mpya. Haya.

Kwa wasiomjua Shostakovich, mtunzi huyu Mrusi wa muziki wa okestra: Januari 1936 Stalin alikwenda kutazama opera yake, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, akaondoka kabla haijaisha. Siku mbili baadaye gazeti la chama cha Kikomunisti, Pravda, likaiita vurugu badala ya muziki, na zama zile watu walikuwa wakichukuliwa usiku. Simfoni yake ya Nne ikaondolewa ikiwa mazoezini, haikupigwa hadi 1961. Hii ya Tano, Leningrad, Novemba 1937, ndiyo iliyomrudisha.

Mimi napuliza baritoni kwenye matarumbeta ya kanisa, kwa hiyo nilianzia sehemu ya nne, ndiko ala za shaba zinakotamba. Mwishoni tarumbeta zinapaa, ngoma zinatwanga, na vayolini zimeng'ang'ania noti moja tu: so, so, so, so, mpaka unajiuliza nani kawasimamia na fimbo. Wakubwa wa serikali walisikia ushindi. Bernstein anapakimbiza mno, ikawa gwaride la sikukuu. Mtandaoni nimesikia wanaopapiga polepole, na hapo shangwe inakuwa ya kuamrishwa. Mimi niko upande huo.

Ila kilichonirudishia hela yangu ni sehemu ya tatu. Wapiga shaba wote kimya, hata pumzi moja hatupewi! Vayolini zimegawanywa makundi matatu badala ya mawili yaliyozoeleka, zinaanza chinichini, filimbi na kinubi vinafuata, na kileleni zailofoni, ile marimba ya mbao, inagonga kavu juu ya nyuzi zote. Siku ya kwanza watu walilia ukumbini. Ungemshtaki nani, kwa neno lipi? Wakongwe wa bendi zetu wanajua mashairi yalivyokuwa yanapitiwa Redio Tanzania kabla ya kurekodi. Hapa hakuna shairi la kupitia.

Angalizo: niliihamishia kwenye simu nikaijaribu ndani ya Coaster ya Uyole, haifai. Pa chini pananyamazishwa na injini. Ukiongeza sauti, ngoma zikiingia unatoa hedifoni mwenyewe. Subiri usiku.

Nyota nne. Mwenye CD ya Mravinsky, aliyeiongoza mara ya kwanza, aniambie bei.