Zilipendwa za Kununua: Sikiliza Mwisho wa Wimbo Kabla Hujatoa Hela

Malalamiko yanayonifikia siku hizi kuhusu zilipendwa ni ya aina moja. Mtu kanunua flash ya nyimbo mia tano, kaichomeka kwenye gari, wanatoka Dar kwenda Morogoro, na kila kibao kikifika pale waimbaji wanapomaliza kazi yao na magitaa yanapopokea, sauti inaanza kufifia. Kufumba na kufumbua umeingia wimbo mwingine. Msomaji mmoja ananiambia baba yake, mcheza dansi wa enzi zile, alisonya akaomba redio izimwe. Namwelewa sana huyo mzee.

Wanunuzi wengi huuliza kama sauti ni safi, au nyimbo ziko ngapi. Mimi siku zote naanza na swali moja: chemko limo? Wakongo wanaliita sebene. Muziki wetu wa dansi wa miaka ya sabini na themanini umejengwa kwa sehemu mbili. Kwanza kisa kinasimuliwa taratibu, sauti zinapokezana, ujumbe unafika. Kisha bendi inabadilisha mwendo: solo linapanda, rithim na besi zinajibizana, tarumbeta zinaingia, na waliokuwa wamekaa na soda zao wanainuka. Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyojaza kumbi. Anayekuuzia ya kwanza peke yake amekuuzia nusu ya mali kwa bei ya mali nzima.

Ukataji huu una chanzo chake. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika inabeba kama dakika nne au tano tu kwa upande mmoja. Bendi inapiga dakika nane, kumi. Kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya 1 upande huu, sehemu ya 2 upande wa pili. Anayehamishia nyimbo kwenye kompyuta kwa pupa anachukua upande wa kwanza, hageuzi sahani, anaendelea na nyingine. Na Tanzania kuna jambo la ziada: hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikarushwa hewani, na nyingi hazikuwahi kutoka kama santuri mpaka bendi ipeleke kazi Nairobi. Watu walinasa kutoka redioni kwa kanda zao, na mtangazaji akiingia na salamu zake katikati ya solo, basi. Nakala hizo ndizo zinazozunguka mitaani hadi leo.

Kupima ni rahisi. Mwambie muuzaji ausogeze wimbo mbele hadi dakika ya mwisho. Ukikuta bado mtu anaimba ubeti, rudisha. Ukikuta magitaa yamekwisha kuchemka ndipo yanafifia, hilo halina ubaya, rekodi nyingi halisi zinaisha hivyo. Halafu sikiliza katikati, pale sehemu mbili zilipounganishwa. Kama kazi imefanywa ovyo utasikia gitaa linahama ghafla, limepanda au limeshuka kidogo, kwa sababu pande mbili zilichezwa kwa kasi tofauti. Ukishalisikia mara moja huwezi kuacha kulisikia.

Sasa niwapangie mikusanyo ya kununua, nikianza na ninayoipenda zaidi.

Namba moja: Zanzibara, ile ya tano, Hot in Dar. Upendeleo wangu kwa Zanzibara siufichi. Ni mfululizo wa Buda Musique ya Ufaransa, mkusanyaji ni Werner Graebner, na hii ya tano inachukua Dar ya mwaka 1978 hadi 1983. Nyimbo zimeachwa zipumue, na ndani kuna kijitabu kinachokueleza bendi ni ipi na nani alikuwa nani. Hilo la majina kwangu ni heshima kubwa, maana wanamuziki hawa wameuzwa miaka yote kama mali isiyo na mwenyewe.

Na miaka yenyewe! Vita vya Kagera, sukari kwa foleni, sabuni ya kutafuta, na jiji hilohilo lina bendi zenye safu nzima ya tarumbeta na saksafoni. Mlimani Park, yaani Sikinde kwa jina la mashabiki, ilizaliwa 1978, na mimi ni mtu wa Sikinde tangu utotoni, sina haja ya kuzunguka. Muhiddin Gurumo akiongoza, Hassani Bitchuka juu na ile sauti nyembamba isiyotetereka, Cosmas Chidumule, na Michael Enoch akipanga vyombo. Chukua wimbo Neema wa Chidumule. Sauti zinamaliza kumwimbia huyo Neema, na mtu anadhani habari imekwisha. Haijaisha. Gitaa linachukua maneno yaleyale na kuyarudia bila mdomo, tarumbeta zinaitikia kama waombolezaji waliofika wamechelewa, na huzuni inageuka dansi bila kuacha kuwa huzuni. Nimesikia nakala za mitaani zinazokatia papo hapo. Watu wa Msondo, bendi pinzani, watanuna kwamba siwapi nafasi. Wavumilie, Gurumo alikuwa wao pia.

Ukipenda ya zamani zaidi, Zanzibara ya tatu ni ya miaka ya sitini. Nyimbo za wakati ule zilikuwa fupi tangu mwanzo, kwa hiyo wakataji hawakupata pa kukata.

Namba mbili: Les Wanyika. Bendi hii ilijitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 huko Nairobi, na Sina Makosa ikaja kuitambulisha. Kila arusi ya Kenya na Tanzania inaijua, na bado wengi wameisikia nusu. Inunue kwa ajili ya besi ya Tom Malanga na rithim ya Profesa Omari Shabani, mtunzi wake. Besi haikimbizani na mtu. Inasema maneno matatu, inanyamaza, inasema tena, na rithim inajaza pale iliponyamaza. Katika chemko John Ngereza anaachiwa uwanja juu yao. Ukiuziwa Sina Makosa ya dakika nne, hiyo si Sina Makosa. Na kagua jina la bendi, kwa sababu wauzaji wanaichanganya na Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Kinyonga wa Tanga kila siku.

Namba tatu: Mbaraka Mwinshehe. Tafuta mfululizo wa Ukumbusho uliotolewa na Polygram Kenya. Una sehemu nyingi, za bendi zake Morogoro Jazz na Super Volcano, na huna sababu ya kuzibeba zote kwa mkupuo. Anza na ile yenye wimbo Shida. Mbaraka alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga solo kwa pamoja, kwa hiyo anayekata gitaa lake anamnyamazisha mtu yuleyule aliyekuwa anaimba dakika moja iliyopita. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Hatutapata mengine kutoka kwake, na haya yaliyopo tunayapunguza.

Namba nne: Samba Mapangala na Orchestra Virunga, Virunga Volcano. Ilitoka 1990, lakini muziki ni wa Nairobi ya mwanzo wa themanini. Hizi zilikuwa kazi za santuri kubwa, nyimbo hazikugawanywa vipande, na Malako inakwenda mpaka itosheke.

Namba tano: Orchestra Super Mazembe, Giants of East Africa, ya 2001. Kasongo na Shauri Yako zote zimo. Inatosha.

Namba sita: Remmy Ongala na Super Matimila, Songs for the Poor Man, 1989. Imerekodiwa Uingereza kwenye studio ya Real World, na kwa kijana anayeanza leo ndiyo rahisi kuliko zote kuipenda, kila chombo unakisikia mahali pake. Mimi naiweka chini kwa sababu Dokta Remmy namkumbuka kwa jasho la ukumbini, na hapa jasho limefutwa. Kipenda Roho ipo.

Flash na memori kadi: nyimbo mia tano, robo yake zimekatwa, na kila penye Kilingala wameandika Franco, yule nyota wa Kongo, hata kama si yeye. Kama huna njia nyingine, pima kama nilivyoeleza.

Wauzaji wa santuri kuukuu nao wana lao. Nilimkuta mmoja Kariakoo ana sahani za 45 kwenye boksi, hazina majalada, zimechubuka kiasi kwamba ukiinamisha kwenye mwanga unaona mikwaruzo imepita moja kwa moja kwenye mifereji. Nikauliza bei. Akatoa simu, akaangalia sahani hiyohiyo inauzwaje Ulaya, akanitajia hiyo bei. Sahani ya Ulaya imepimwa, imesafishwa, ina jalada, na ukiletewa mbovu unarudishiwa hela zako. Yake haijachezwa kwa miaka, mashine ya kuijaribia hana, na kwake ukishanunua umenunua. Nikamwuliza pia kama sehemu ya 2 inachezeka, akanijibu wateja wake wa nje hawajawahi kuuliza hivyo. Hela hiyo haiendi kwa mjane wa mpiga solo wala kwa watoto wa mwimbaji. Kama unataka santuri kweli, mwambie ailete sehemu yenye mashine, icheze pande zote mbili mkiwa wote mnasikiliza, ndipo mzungumze bei.