Miche ya epo ya kununua kama hutaki kupulizia dawa kila wiki

Kama uko Marekani, Illinois, Ohio au Pennsylvania, na una kauwanja nyuma ya nyumba, usinunue mche wa Gala kisa unaipenda supamaketi. Kuanzia Aprili mvua haikatiki huko, majani yanashika skabu, yale madoa meusi kama masizi, tunda nalo linapasuka ganda, na bila dawa za mara kwa mara huambulii kitu. Nunua aina zilizozalishwa kustahimili skabu, mimi nazipanga hivi nikiangalia zaidi ipi itakufikisha mwisho wa baridi.

1. GoldRush. Kwa kuhifadhi hakuna kama hii, nasema wazi. Ni mtoto wa Golden Delicious, na Illinois wameifanya tunda rasmi la jimbo tangu 2008. Inaiva mwisho wa Oktoba, ukiing'ata siku hiyo ni ngumu alafu ina uchachu wa kukunja uso, we iweke tu, Januari unaitoa imekuwa tamu na bado inalia kachu mdomoni, mpaka Machi unakula. Shida yake ni kutu, ugonjwa unaotoka kwenye miti ya redcedar, ile jamii ya mreteni, so chungulia kwanza kwa majirani, miti hiyo ikiwa imejaa nenda namba mbili. Minnesota nako baridi itaiwahi kabla haijaiva.

2. Enterprise. Nyekundu, ganda nene, kutu haiisumbui, hata ule ugonjwa wa bakteria unaokausha matawi yakawa kama yameungua inaustahimili vizuri. Iache kwenye baridi kama mwezi ndo ladha inakaa sawa.

3. Liberty. Ilitolewa na kituo cha utafiti cha Geneva, New York, 1978. Mti haugui ovyo na tunda tamu, ila kufika Krismasi linaanza kulegea. Wa kaskazini anzeni na hii.

Nunua miche miwili ya aina tofauti manake epo haijichavushi vizuri yenyewe, na muulize muuzaji imebebeshwa kwenye shina gani, yaani ule mti wa chini wenye mizizi, akisema G.41 chukua, M.26 achana nayo, wale bakteria wanaimaliza. Funza bado watakuja, vika matunda vifuko yakiwa madogo.

Kuhifadhi, weka friji ya pembeni, nyuzi 0 mpaka 1 hivi, kwenye mfuko wa plastiki wenye matundu, hasa GoldRush manake hewa kavu inaikunja ganda kama la mzee. Usichanganye na karoti, gesi ya epo inazifanya chungu. Na iliyobonyea kula leo leo, ukiiacha humo inaozesha wenzake.