Okidi tatu kwa basi la usiku: moja imekufa, moja imenitia shaka, moja imeninyamazisha

Nimekaa na hizi okidi miaka miwili na ushei, kwa hivyo sasa naweza kusema. Maoni ya wiki ya kwanza hayana maana kwa mimea ya aina hii. Okidi hufa polepole, na hata ikishakufa hukaa wiki kadhaa ikikudanganya kwa ukijani.

Niliagiza kwenye kitalu kimoja cha bara, nje kidogo ya Nairobi. Sikitaji jina kwa sababu nina malalamiko nacho, na hapa si mahakamani. Mimi niko Mtwapa, huku Pwani penye joto, na anwani hiyo niliwaandikia wazi kabla ya kutuma pesa. Nilichukua tatu: Aerangis luteoalba var. rhodosticta kwa Ksh 1,800, Ansellia africana kwa 1,200, na chotara anayeitwa Angraecum Veitchii kwa 4,500. Usafiri wa basi shilingi 500. Nyota nimewapa tatu.

Kwenye kufunga mzigo sina neno. Kila mmea ulitolewa kwenye chungu, mizizi ikazungushiwa tishu yenye unyevu, kisha gazeti, kisha boksi lililotobolewa matundu. Juu waliandika kwa herufi kubwa MAUA, USIWEKE KITU JUU. Asubuhi nilipofika ofisi ya basi nikakuta boksi langu limekaliwa na gunia la viazi. Nikafungua palepale mikono ikitetemeka. Hakuna jani lililovunjika.

Shida ilikuwa karatasi ya maelekezo. Ilisema mwagilia mara moja kwa wiki, weka pasipo na jua kali, basi. Karatasi ya watu wa Limuru hiyo, kule bara kwenye baridi. Okidi hizi hazioti kwenye udongo, hujishika kwenye magome ya miti, na mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe kama sponji inayofyonza maji yakipita. Ikiwa mikavu ina rangi ya fedha, ukiimwagia inageuka kijani mbele ya macho yako. Huku kwetu msimu wa kaskazi, upepo ukivuma kutwa, mizizi iliyo wazi hukauka kabla ya adhuhuri. Mara moja kwa wiki ni kuiua kwa kiu. Na maji yenyewe: mimi nilianza na ya kisima, na kisima chetu kina chumvi. Baada ya mwezi ncha za mizizi zikawa nyeusi. Sasa nakinga ya mvua kwenye pipa, na ya kisima ni ya kufulia.

Aerangis ilikufa. Ni ua dogo la kupendeza mno, jeupe, katikati lina tone jekundu kama mtu amejichoma sindano, na yanapangana kwenye kikonyo kama samaki kwenye uzi. Asili yake ni humu humu Afrika Mashariki, ila ni mmea wa milimani, wa mita elfu moja na zaidi kutoka usawa wa bahari, penye usiku wa baridi. Kwangu usiku wa Februari huwa najipepea. Majani yalilegea moja baada ya jingine, yakadondoka, nikabaki na kijiti. Nilipomwandikia muuzaji akakaa siku nne, kisha akajibu: “Ungeniambia uko Pwani, ndugu yangu.” Anwani aliiandika yeye mwenyewe juu ya boksi! Akanipa punguzo kwa oda ijayo, na hilo nalikubali, lakini swali la unaishi wapi lilipaswa kuja kabla ya M-Pesa.

Ansellia ndiyo inayonikera hadi leo, ingawa mmea wenyewe haujambo. Ndiyo okidi ya chui: mashina yamesimama kama miwa myembamba, maua ya manjano yana madoa ya kahawia. Chini hujenga kikapu cha mizizi myeupe iliyosimama kama sindano, inakusanya majani makavu yanayodondoka yawe mbolea yake. Nilipoifungua nikakuta vipande vya gome la mti bado vimeng’ang’aniwa na mizizi, na mizizi minene imekatwa kwa kitu cha makali, pengine panga. Shina moja lilikuwa limepinda kufuata tawi ambalo halipo tena. Mmea wa kitaluni haupindi hivyo. Nikamuuliza kama umetoka maabara au porini. Jibu: “Ni mmea wa kwetu kabisa, usiwe na wasiwasi.” Sasa hilo ni jibu gani?

Naeleza kwa nini nauliza. Mbegu za okidi ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula, na porini haziwezi kuota bila kuvu wa kuzilisha. Tangu mtaalamu wa mimea wa Marekani, Lewis Knudson, aonyeshe mwaka 1922 kwamba zinaweza kuoteshwa kwenye chupa yenye sukari na madini bila huyo kuvu, hakuna sababu ya mfanyabiashara kukwea mti akiwa na panga. Okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini mkataba huo ni wa mipakani. Kinachong’olewa msituni na kuuzwa mji wa pili unaweza kukipokea kwenye ofisi ya basi kama nilivyokipokea mimi. Siwezi kuthibitisha. Ila sitanunua Ansellia kwake tena, na wewe ukinunua popote, omba kwanza picha ya mizizi. Ua si kitu, utaliona mtandaoni.

Tuje kwa yule wa 4,500, maana niliponunua mke wangu alinitazama tu asiseme kitu. Angraecum Veitchii ni chotara mkongwe, wa kitalu cha Veitch cha Uingereza, 1899. Wazazi wake wawili ni wa joto. Mmoja ni Angraecum eburneum, ambaye huku Pwani tuna wa kwetu, giryamae, aliyepewa jina kwa ajili ya Wagiriama. Mwingine ni sesquipedale wa Madagaska, yule aliyemfanya Charles Darwin aandike mwaka 1862 kwamba lazima kuna nondo mwenye mrija mrefu wa kutosha kufikia nekta chini kabisa ya mkia wa ua. Nondo huyo alikuja kuandikwa kitaalamu mwaka 1903, Darwin keshazikwa miaka 21.

Niliifunga kwenye mwembe wa shangazi kwa vipande vya soksi za nailoni, chini nikaweka makumbi ya nazi. Shangazi akatoka na kanga begani. “Mwanangu, hiki si kinyonyaji? Utaniulia mwembe.” Nikamwambia hakinyonyi, kimepanga tu. “Na kodi analipa nani?” Nikakosa la kusema.

Ilikaa mwaka mzima ikiota mizizi bila ua. Mwaka wa pili, Julai, kikatoka kikonyo na vichwa vitano. Sasa hapa ndipo chotara huyu anapochekesha. Maua ya eburneum huweka ule mdomo wa ua juu, sesquipedale huuweka chini, na mtoto wao hajaamua amfuate nani. Mawili yalitazama juu, moja chini, mawili yalilala upande kama abiria wa matatu ya alfajiri. Yalitoka ya kijani, yakaendelea kuwa meupe kwa siku kadhaa. Mchana hayana harufu hata ukiingiza pua. Saa mbili usiku inaanza, si nzito kama asmini, ina ubaridi fulani ndani yake, na ikifika saa nne imeshajaa uwanja mzima wa nyumba. Kwa huyu mmoja nimemsamehe muuzaji nusu ya niliyosema hapo juu.

Punguzo nimelitumia. Nimechukua mche wa giryamae wa chupa, na safari hii nilitumiwa picha ya chupa yenyewe kabla ya kulipa. Una majani manne, haufiki urefu wa kidole changu, na ameniambia maua nisiyangoje kabla ya miaka mitano. Nimeufunga kwenye kigae, nyuma yake nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika.