Kuendesha programu ya ofisini ukiwa mbali: ununue njia ipi?

Mhasibu aliyeko Mwanza anapohitaji programu ya hesabu iliyomo kwenye kompyuta ya duka Kariakoo, wengi hukimbilia kununua intaneti yenye kasi kubwa, ilhali kinachohitajika zaidi ni intaneti isiyochelewa. Programu yenyewe haitoki Kariakoo. Hukokotoa huko huko, na vinavyosafiri ni picha ya skrini na mibonyezo ya kibodi na kipanya. Kwa kazi ya ankara laini ya megabiti chache hutosha, lakini kila tarakimu hulazimika kwenda na kurudi kabla hujaiona. Ukipima muda huo wa kwenda na kurudi kwa amri ya kompyuta iitwayo ping ukapata milisekunde 30, utaandika kama aliyeketi mbele ya kompyuta hiyo. Zikizidi 200, utabonyeza sifuri mara ya pili ukidhani ya kwanza haikuingia, na ankara ya shilingi 50,000 itasomeka 500,000. Pima kabla ya kulipa chochote.

Nafasi ya kwanza naipa kompyuta yako mwenyewe iliyoko ofisini, yenye Windows toleo la Pro, ikifikiwa kwa Remote Desktop, huduma ya Windows ya kutumia kompyuta ukiwa mbali, kupitia VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti) ya WireGuard au Tailscale. Angalia toleo kabla ya kununua, kwa sababu Windows Home huweza kuingia kwenye kompyuta nyingine lakini yenyewe haipokei mgeni kwa njia hii, na wanunuzi wengi hugundua hilo wakiwa wameshafika nyumbani na boksi. WireGuard ni ya bure. Tailscale, iliyojengwa juu yake, inafaa zaidi pale ofisi inapotumia laini ya simu, ambayo kwa kawaida haina anwani yake ya umma. Kasoro ni kwamba Pro humhudumia mtu mmoja kwa wakati: mhasibu akiingia, skrini ya karani hujifunga katikati ya mauzo. Wakifanya kazi saa zile zile, mnunulie mhasibu kompyuta ndogo ya pili ikae hapo hapo ofisini, au, kama watumiaji ni wengi, gharamia Windows Server pamoja na leseni za Remote Desktop za watumiaji hao. Seva hiyo ina RemoteApp, iliyoanza na toleo la 2008, inayomletea mtumiaji dirisha la programu moja tu badala ya skrini nzima.

Usikubali kamwe fundi afungue mlango namba 3389 wa ruta, unaotumiwa na Remote Desktop, moja kwa moja kwenye intaneti. Ni kazi ya dakika tano, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 2019 Microsoft ilitangaza udhaifu uliopewa jina la BlueKeep, uliomwezesha mvamizi kuingia bila nenosiri kwenye matoleo ya zamani kama Windows 7 kupitia huduma hiyo hiyo. Niliwahi kuitwa asubuhi kwenye bohari moja nikakuta mafaili ya miaka minne yamefungwa na wavamizi yasisomeke, na katikati yake faili moja la maandishi likidai fedha. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye diski iliyochomekwa kompyuta ile ile, nayo ilikuwa imefungwa vilevile.

Nafasi ya pili ni ya AnyDesk na TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta ukiwa mbali, zote za Ujerumani. Hupita karibu kila mtandao bila kugusa ruta, ila biashara hupaswa kulipia usajili, kwani matumizi ya bure ni ya mtu binafsi. Februari 2024 AnyDesk yenyewe ilitangaza kwamba mifumo yake ilivamiwa; kwa hiyo washa uthibitishaji wa hatua mbili na utaje kompyuta zinazoruhusiwa kuingia.

Ya tatu ni kukodi kompyuta iliyoko kwenye kituo cha data, kama Windows 365 iliyoanza Agosti 2021, kwa malipo ya kila mwezi kwa kila mtumiaji. Muulize muuzaji itakaa nchi gani. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde, hivyo kebo ya kilomita 10,000 kwenda Ulaya hula milisekunde 100 kwenda na kurudi. Afrika Kusini ni karibu zaidi. Kumbuka pia Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki: mawasiliano ya Mwanza na Kariakoo hayahitaji kupita baharini.

Chrome Remote Desktop ni ya bure na inamfaa mtu mmoja anayechungulia kompyuta yake, lakini haichapishi ankara kwenye printa iliyo upande wako, ndiyo maana naiweka mwisho.

Ukichagua ile ya kwanza, ongeza UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya kompyuta na ya ruta, kisha ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka, uiamuru kompyuta ijiwashe umeme unaporudi. La sivyo Luku ikiisha saa nne usiku, mhasibu atasubiri hadi mwenye funguo afungue duka.